Wasomaji Wanauliza: Pepo wa misitu, maji na mashamba katika masimulizi ya Kigermaniki

Katika toleo lililopita tulisimulia kwa ufupi visa vya Rübezahl, pepo wa milima ya Riesengebirge iliyo mpakani mwa Poland na Ucheki, ambaye inasemekana huamuru theluji na radi, humsaidia maskini aliyepotea njia na humwadhibu msafiri anayemdhihaki. Si pepo wa jana: alikwisha kuchorwa, akiwa na mkia na pembe za kulungu, kwenye ramani ya Silesia ya Martin Helwig ya mwaka 1561. Barua zilizofuata zilikuwa nyingi kuliko tulivyotarajia, na karibu zote ziliuliza habari za pepo wengine wa nchi zile. Kabla ya kujibu, tuelewane kwamba tunaposema masimulizi ya Kigermaniki tunakusudia masimulizi ya watu ambao lugha zao ni ndugu: Wajerumani, Waholanzi, Waingereza wa kale, Waswidi, Wanorwei, na watu wa Denmark na Iceland.

Ndugu Mhariri, mimi ni mvuvi. Tangu utoto wetu huku Kigamboni tuliambiwa kwamba anayeogelea peke yake penye mkondo huvutwa na chunusi. Je, Wajerumani na jirani zao nao walikuwa na kiumbe wa namna hiyo, au hofu hii ni yetu watu wa Pwani tu? — Msomaji wa Kigamboni

Walikuwa naye, ndugu yetu, na pengine hakuna pepo aliyeenea katika nchi zile kuliko huyu. Wajerumani humwita Nix akiwa mwanamume na Nixe akiwa mwanamke. Waswidi humwita Näck na Wanorwei humwita Nøkk. Tofauti ya kwanza na chunusi wako ni makao, kwa sababu yeye hakai sana baharini bali hupendelea mto, ziwa, bwawa lililofunikwa na mayungiyungi, au maji ya kina yaliyo chini ya kinu cha kusagia nafaka. Kuhusu baadhi ya mito ya Ujerumani ilisemwa kwamba kila mwaka hudai mtu mmoja, hasa siku ya Mtakatifu Yohana, tarehe 24 Juni, na kwa hiyo wazazi waliwakataza watoto kuoga siku hiyo.

Hata hivyo kiumbe huyu hakuwa muuaji tu. Katika masimulizi ya Wajerumani mwanamke wa majini huja sokoni kununua mahitaji yake kama mtu yeyote, akazungumza na wachuuzi na kulipa, na ishara pekee ya kumtambua ni upindo wa nguo yake, ambao haukauki hata jua likiwa kali namna gani. Iceland anachukua umbo la farasi wa kijivu anayeitwa nykur, mpole wa kutazamwa, lakini kwato zake zimeelekea nyuma. Anayempanda hunasa mgongoni na kutumbukizwa ziwani. Dawa yake ni kumtaja jina, kwani akisikia jina lake hukurupuka na kukimbilia majini peke yake.

Kisa ninachokipenda mimi kinatoka Norwei, nacho ni cha Fossegrim, pepo wa maporomoko ya maji ambaye ni bingwa wa fidla. Kijana anayetaka kujifunza kupiga chombo hicho humwendea Alhamisi jioni na kumpa nyama, kwa mfano mwanambuzi mweupe anayetupwa ndani ya maporomoko yanayotiririka kuelekea kaskazini, huku mtoaji amegeuza uso. Nyama ikiwa nono, Fossegrim huushika mkono wa mwanafunzi na kuviburuza vidole vyake juu ya nyuzi mpaka vitoke damu, na tangu siku hiyo kijana hupiga muziki wa kuifanya hata miti icheze. Nyama ikiwa haba, hufundishwa kukaza nyuzi tu, kupiga hajui. Chunusi wa kwetu, kwa masimulizi niliyowahi kuyasikia, hana habari na ada ya masomo.

Mimi ni fundi seremala hapa Keko. Wazee wa upande wa Kisarawe wanasema kuna miti isiyoguswa bila kuomba ruhusa. Lakini Wajerumani walipotawala hapa walileta sheria za misitu na kuweka mipaka kwa ramani. Je, kwao hawakuogopa kukata mti? — Fundi wa Keko

Swali lako, Fundi, ndilo lililotufurahisha kuliko yote, na tutalijibu kwa kirefu. Maafisa waliokuja hapa walikuwa watu wa hesabu, waliosomea upimaji wa misitu vyuoni. Wakata miti na wachoma makaa wa vijijini kwao walikuwa watu wengine kabisa, na hao walikuwa na adabu zao za kuingia msituni.

Tuanze na mti mdogo ambao Wajerumani huuita Holunder, wenye maua meupe na matunda madogo meusi. Nchini Denmark na kaskazini ya Ujerumani iliaminika kwamba ndani yake anaishi mwanamke, ambaye Wadenmark humwita Hyldemoer, yaani mama wa mti huo. Mtu hakuukata bila kumwomba kwanza, na ombi lenyewe limehifadhiwa katika maandishi ya Jacob Grimm: mkataji alivua kofia, akapiga magoti na kumwambia bibi huyo ampe sehemu ya mti wake, naye atampa sehemu ya wake utakapoota msituni. Tazama jinsi maneno hayo yalivyo ya makubaliano, wala si ya ibada. Mtu anaahidi kulipa, tena kwa mali ya aina ileile. Aliyetumia mti huo kutengenezea kitanda cha mtoto bila ruhusa alitarajia mtoto asumbuliwe usiku, na ninadhani fundi wa samani utaielewa hofu hiyo ya mteja kurudi na malalamiko.

Katika misitu ya Ujerumani ya kati na kusini, hasa Franconia na Vogtland, walisimuliwa watu wadogo wa kuvumwani, ambao miili yao imefunikwa na ndevu za mitini na mavazi yao ni ya rangi ya magome. Hawa ni wema, tena wanyonge. Huomba mkate kwa wakata miti na kulipa kwa vipande vya magome ambavyo baadaye hugeuka dhahabu, ila mpokeaji mpumbavu huvitupa njiani. Wana adui mmoja mkubwa: Mwindaji wa usiku, anayepita angani na mbwa wake majira ya dhoruba za baridi, akiwawinda bila huruma. Mahali pekee wanapoweza kujisalimisha ni juu ya kisiki kilichochongwa misalaba mitatu. Kwa hiyo mkata miti mwenye utu, kabla mti haujaanguka au mara tu unapoanguka, alichonga misalaba mitatu kwa shoka lake. Desturi hiyo ilikuwepo kweli na imeandikwa na wakusanyaji wa karne ya 19. Watu hao wa msituni walikuwa na masharti pia: usimenye mti gome ukiwa hai, usisimulie ndoto, wala usitie kisibiti katika mkate. Sharti la kwanza kila seremala anaweza kulieleza, kwa kuwa mti uliomenywa gome hufa. La ndoto na la kisibiti, kila mmoja ajitafutie maelezo yake.

Uswidi msitu una mwenyewe, naye ni mwanamke anayeitwa skogsrå. Ukimtazama mbele ni mrembo, lakini mgongo wake ni shimo kama gogo lililooza. Wenzake wa Norwei hawana shimo bali wana mkia wa ng'ombe unaochungulia chini ya sketi. Wawindaji walimwachia sarafu au chakula juu ya kisiki, naye akiridhika alipuliza ndani ya mtutu wa bunduki na risasi haikukosa tena. Wachoma makaa, ambao walikaa wiki nyingi peke yao porini wakilinda tanuri, walisimulia kwamba aliwaamsha tanuri lilipokaribia kulipuka moto. Watafiti wengi huona katika visa hivi upweke wa wanaume wa porini, na sina ubishi nao. Lakini mahakama za Uswidi za karne ya 17 hazikuona upweke, bali ziliona dhambi, na wako wanaume walioshtakiwa kwa kosa la kulala na viumbe wa aina hiyo.

Ukiviweka pamoja visa hivi vyote, utaona kwamba mtu wa kijijini hakujiona mmiliki wa msitu. Alikuwa mpangaji anayeishi na mwenye nyumba uani: kuna kodi, kuna taratibu, kuna saa za kupiga kelele na saa za kunyamaza, na anayevunja mambo hayo asishangae akikuta vyombo vyake nje.

Mhariri, mambo haya yalikuwa dini au hadithi za watoto? Na tunayajuaje, ikiwa wenyewe hawakuandika? — Mwalimu mstaafu, Ilala

Shikamoo, Mwalimu. Ushahidi wa kale zaidi tunaupata kwa wageni. Tacitus, Mrumi aliyeandika habari za makabila ya Kigermaniki mwaka 98, anasema kwamba hawakuona vema kuifungia miungu ndani ya kuta, bali waliitakasa misitu na vichaka. Kisha wakaja wamisionari, na kile walichokipiga vita kinatuonyesha kilichokuwepo. Yapata mwaka 723 Bonifasi, mmonaki kutoka Uingereza, aliukata mwaloni wa mungu Donar huko Geismar mbele ya umati wa watu. Mwanzoni mwa karne ya 11 Burchard, askofu wa Worms, aliandika orodha ya maswali ambayo padri alipaswa kumwuliza mwenye kutubu, na mojawapo lilihusu imani ya kwamba kuna wanawake wa porini wanaojitokeza wapendapo na kutoweka wapendapo. Mtu hakatazi jambo ambalo halifanywi.

Kaskazini mambo yalichelewa, na kwa hiyo yamehifadhiwa vizuri zaidi. Sigvatr, mshairi wa mfalme wa Norwei na tena Mkristo, alisafiri Uswidi katika miongo ya kwanza ya karne ya 11, akafukuzwa nyumba baada ya nyumba kwa sababu wenyeji walikuwa katika sadaka ya álfar, viumbe wasioonekana wanaohusishwa na ardhi na rutuba, na mgeni hakuruhusiwa kuingia. Alitunga mashairi ya kulalamika, na lalamiko lake ni miongoni mwa hati zetu bora. Sheria ya kale ya Iceland, kama ilivyosimuliwa katika maandishi ya baadaye, iliwataka mabaharia kuvua vichwa vya joka vilivyochongwa kwenye gubeti za merikebu zao kabla hawajaiona nchi kavu, ili wasiwatishe landvættir, yaani pepo walinzi wa nchi. Snorri Sturluson, mwandishi wa Iceland wa karne ya 13, anaeleza jinsi mfalme Harald wa Denmark alivyomtuma mchawi aizunguke Iceland katika umbo la nyangumi, akakuta kila upande una mlinzi: joka, ndege mkubwa, fahali, na jitu lenye fimbo ya chuma. Walinzi hao wanne wamo katika nembo ya taifa la Iceland hadi leo.

Uliuliza pia, Mwalimu, kwenye barua yako ndefu, kama pepo hao ni mizimu ya wahenga. Kwa sehemu kubwa sivyo, lakini mpaka haukuwa wazi. Mfalme mmoja wa Norwei, Olaf, alizikwa Geirstad na baada ya kifo chake watu walitoa sadaka kaburini wakimwita álfr (umoja wa álfar) wa Geirstad. Na ukoo mmoja wa Iceland uliamini kwamba wafu wao huingia ndani ya mlima Helgafell. Anayeijua mizimu ya kwetu hatashangaa. Ila nionye: sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu vijiji vya Ujerumani ilikusanywa na ndugu wawili Grimm, ambao visasili vyao vya Kijerumani vilitoka mwaka 1816 na 1818, pamoja na waliowafuata. Kati yao na Tacitus kuna miaka 1700, na si halali kuziba pengo hilo kwa kudhani tu kwamba mkulima wa mwaka 1800 alikuwa bado anaiabudu miungu ya mwaka 98.

Nina shamba Mkuranga. Je, mashamba yao nayo yalikuwa na pepo, au walikuwa wa misituni na majini tu? — Mkulima, Mkuranga

Yalikuwa nao, na aliyewafuatilia kwa bidii kuliko wote ni Wilhelm Mannhardt wa Danzig, mji ambao leo ni Gdańsk nchini Poland. Mwaka 1865 alisambaza hojaji zenye maswali kuhusu desturi za mavuno, na vita vya miaka ile vilipoleta wafungwa mjini kwake, Wadenmark, kisha Waaustria, kisha Wafaransa, aliwaendea na kuwahoji juu ya mashamba ya kwao. Sijui mbinu ya utafiti iliyo ya werevu kuliko hiyo.

Alichokikuta ni kwamba nafaka ya rai, iliyokuwa chakula kikuu, ilikuwa na mwenyewe: pengine Mama wa Nafaka, pengine Shangazi wa Rai mwenye vidole vya moto, pengine mbwamwitu. Upepo ulipolilaza shamba kwa mawimbi watu walisema mbwamwitu anapita. Siku ya kuvuna pepo alirudi nyuma kadiri mundu ulivyosonga mbele, mpaka akajificha katika mganda wa mwisho, nao aidha uliachwa shambani au ulivishwa nguo na kupelekwa nyumbani kwa shangwe na mzaha. Watoto waliambiwa kwamba Shangazi huwakamata wanaoingia katikati ya rai kuchuma maua. Hapo nadhani wazazi walikuwa na sababu mbili za maana, kwa kuwa mtoto hupotea ndani ya mimea mirefu na mimea iliyokanyagwa haivuniki. Iko na ya tatu: katika masuke ya rai huota kuvu linalofanya punje nyeusi, zenye sumu ya kuleta degedege na kuoza viungo, na punje hizo watu walizihusisha na Mama wa Nafaka.

Mwanangu anacheza michezo ya kompyuta iliyojaa vibushuti wa chini ya ardhi wenye kofia nyekundu. Wanatoka wapi? — Mama wa Mbagala

Mama, hao ni mchanganyiko. Wapo pepo wa migodini wa masimulizi ya kweli, ambao Georgius Agricola, bingwa wa madini wa Saxony, aliwaandika mwaka 1549. Wachimbaji waliwalaumu kwa mawe yaliyong'aa kama fedha lakini yakichomwa yanatoa moshi wa sumu tu, na kutoka katika mawe hayo mkemia Georg Brandt alipata, katika miaka ya 1730, madini ya kobalti, yenye jina la pepo wao, Kobold, na ambayo leo yamo ndani ya betri za simu. Wapo wa vitabuni, ambao tabibu Paracelsus aliwapangia ardhi, kama alivyowapangia wengine maji, hewa na moto, katika kitabu kilichochapwa mwaka 1566 baada ya kifo chake. Na ile sanamu yenye kofia nyekundu ilienea kutoka viwanda vya ufinyanzi vya Thuringia katika karne ya 19, kwa ajili ya kupamba bustani.

Shikamoo Mhariri. Ninajifunza Kijerumani, na tumesoma shairi la Lorelei anayewazamisha mabaharia wa mto Rhine. Ni pepo wa zamani sana? — Mwanafunzi, Upanga

Marahaba. Mwamba upo, karibu na St. Goarshausen, una urefu wa mita 132 hivi juu ya maji, na mkondo wa hapo uliwahi kuwa hatari kweli. Mwangwi wake ulijulikana tangu zamani. Lakini mwanamke mwenyewe alibuniwa na Clemens Brentano katika shairi la mwaka 1801, na Heinrich Heine akamketisha juu ya mwamba akichana nywele zake za dhahabu katika shairi la mwaka 1824. Limependwa mno kiasi kwamba watalii huonyeshwa mahali pake kana kwamba amekuwepo siku zote. Shairi ni zuri na ulihifadhi moyoni, ila usimweke Lorelei katika kundi moja na Nixe wa sokoni.

Nimesikia kwamba Iceland barabara hukunjwa ili zisipite juu ya nyumba za pepo. Ni kweli, au ni chumvi za waandishi wa habari? — Msomaji wa Tegeta

Kuna ukweli, na kuna chumvi. Viumbe hao huitwa huldufólk, watu waliofichika, wanaoishi ndani ya vilima na miamba wakiwa na ng'ombe wao na makanisa yao. Jón Árnason, aliyechapisha masimulizi ya Iceland huko Leipzig kati ya mwaka 1862 na 1864, ameandika asili yao: Hawa alitembelewa na Mungu kabla hajamaliza kuwaogesha watoto, akawaficha waliokuwa wachafu na kukana kuwa nao, na Mungu akaamua kwamba waliofichwa mbele yake watafichika pia machoni pa watu. Katika mji wa Kópavogur iko barabara iitwayo Álfhólsvegur, ambayo hupungua upana inapokifikia kilima chao badala ya kukikata.

Mwaka 2013 palitokea mgogoro mkubwa zaidi kuhusu barabara iliyokusudiwa kupita katika uwanda wa mawe ya volkano uitwao Gálgahraun, karibu na Reykjavík. Vyombo vya habari vya nje viliandika kana kwamba nchi nzima imesimama kwa ajili ya pepo. Waliofungua kesi walidai hasa uhifadhi wa mazingira na wa uwanda wenyewe, ingawa miongoni mwa waandamanaji alikuwemo mwanamke aliyesema kwamba mwamba mmoja wa hapo ni kanisa la huldufólk. Mwishowe barabara ilijengwa. Mwamba huo haukuvunjwa: mwaka 2015 mamlaka ya barabara iliuinua kwa kreni na kuuhamishia pembeni, penye miamba mingine ya aina yake.